Chupa ya kwanza ya burboni: soma asilimia kabla hujasoma bei

Mgeni wa burboni, ile wiski ya mahindi ya Marekani, akifika dukani huangalia bei, umri na uzuri wa chupa. Vyote vitatu vinapotosha. Namba inayosema kweli imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lebo, jirani na ujazo: asilimia ya kileo. Kwa chupa tunazozipima hapa inaanzia 40 na kuishia 50.5. Pengo linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanya chupa moja ikupe kashata, karafuu na ganda la chungwa, na nyingine ikupe maji matamu yaliyopita juu ya ubao.

Ushauri wetu ni huu: nunua yenye nguvu, maji utatia mwenyewe. Kiwanda kikishaishusha burboni hadi 40, hakuna namna ya kuipandisha. Ukiwa na ya 50 unaishusha kijiko kwa kijiko mpaka pale ulimi wako unapoona pametosha, na usipopapenda leo, kesho unajaribu pengine.

Mahindi, kimea na pipa jipya

Burboni ni wiski ya Marekani. Nyingi hutoka jimbo la Kentucky, ila sheria haidai hivyo. Inadai itengenezwe Marekani, mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka, mtambo usiikeneke (kuigeuza mvuke na kuurudisha mvuke huo kuwa majimaji) kupita asilimia 80 za kileo, iingie pipani ikiwa haizidi 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, limeunguzwa ndani kwa moto. Ikitiwa chupani isipungue 40. Rangi haiongezwi, kionjo hakiongezwi. Maji tu.

Anayejua busaa inavyopikwa atauelewa mwanzo wa kazi bila kuelezwa sana. Mahindi peke yake yana wanga, hayana sukari ya kuchachuka. Kimea ndicho kinachouvunja wanga huo. Kentucky wanatumia kimea cha shayiri badala ya ulezi au wimbi. Wanaongeza pia sehemu ya masalia ya mtambo, yale maji makali yanayobaki baada ya kukeneka mkupuo uliopita. Hamira yake imekwisha kufa kwa joto, kwa hiyo si chachu. Kazi yake ni kuleta uchachu unaozuia bakteria wasiotakiwa. Kinachotoka mtamboni ni cheupe kama maji, na wenyewe hukiita mbwa mweupe. Mpaka hapo bado ni binamu wa chang'aa.

Pipa ndilo linalobadilisha ukoo. Ni la lita 200 hivi, na moto unaowashwa ndani yake hauchukui hata dakika moja kwa mapipa yaliyounguzwa sana. Juu panabaki mkaa, uliopasukapasuka kama ngozi ya mamba. Chini ya mkaa kuna tabaka jekundu ambamo sukari ya mti imekaangika, na mti wenyewe umeanza kutoa vanila. Watu wengi hudhani utamu wa burboni ni sukari ya mahindi. Sukari haipandi na mvuke, inabaki mtamboni. Utamu unaousikia ni harufu ya mahindi pamoja na hilo tabaka jekundu. Kiangazi cha Kentucky kinakisukuma kinywaji ndani ya mbao, baridi inakirudisha, na rangi yote unayoiona kwenye chupa imetokana na safari hiyo.

Ndiyo maana umri wa burboni haupimwi kwa kipimo cha wiski ya Uskoti. Kule wanatumia mapipa yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa haya haya ya Kentucky, kwa kuwa sheria ya Marekani hairuhusu burboni nyingine irudi ndani yake. Mapipa yaliyochoka hutoa ladha polepole, na hali ya hewa ni ya ubaridi, hivyo miaka 12 huko ni umri wa kawaida. Pipa jipya kwenye joto linafanya kazi kwa haraka. Miaka minne inatosha kwa chupa ya kuchanganya, sita hadi tisa ndipo nyingi zinapokaa vizuri, na zaidi ya hapo hatari inaanza: chai iliyosahauliwa na majani ndani ya birika. Ukiona burboni ya miaka 20 na zaidi inauzwa kwa fedha za kununulia pikipiki, ujue unalipia uadimu. Zile za Pappy Van Winkle ni mfano mkubwa. Mgeni aziache zipite.

Nafaka ya tatu

Mahindi na kimea vimo katika karibu kila chupa. Kinachotenganisha koo za burboni ni nafaka ya tatu: rai au ngano. Rai ni jamii ya ngano, huvumilia baridi, na kwenye wiski huleta ukali wa viungo: pilipili manga, mdalasini, tangawizi, wakati mwingine majani ya mnanaa. Ngano haina kelele. Inaacha mahindi na pipa vizungumze, na matokeo yake ni ulaini unaokumbusha mkate wa moto na halua.

Maker's Mark, kutoka mji mdogo wa Loretto, ndiyo ya ngano inayopatikana kwa urahisi zaidi: mahindi 70, ngano 16, kimea 14. Wild Turkey ya Lawrenceburg ni mahindi 75, rai 13, kimea 12. Woodford Reserve ni 72, 18, 10. Bulleit imekwenda mbali zaidi: mahindi 68, rai 28, kimea 4. Ukizikumbuka safu hizi nne unaweza kukisia ladha kabla hujafungua kizibo, na mara nyingi utapatia.

Maneno ya kwenye lebo

Tafuta neno Straight. Maana yake ni kwamba imekaa pipani miaka miwili au zaidi, na ikiwa haijafika minne umri lazima uandikwe. Kwa hiyo lebo yenye Straight isiyotaja umri ina angalau miaka minne. Bottled in Bond ina nguvu zaidi: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kukeneka, miaka isiyopungua minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na asilimia 50 kamili. Sheria hiyo ni ya mwaka 1897, enzi ambayo wachuuzi walikuwa wakichukua pombe ghafi na kuitia rangi na tumbaku ili ionekane imezeeka. Evan Williams yenye lebo nyeupe iko katika kundi hili, na ukiikuta kwa bei ya kawaida usiiache rafuni.

Small Batch haina maana yoyote kisheria. Inaweza kuwa mapipa kumi, inaweza kuwa mia mbili. Single Barrel ni pipa moja kweli, jambo zuri, ila lina upande wa pili: chupa utakayonunua Desemba inaweza isifanane na ile ya Juni.

Proof ni asilimia mara mbili. 101 Proof ni 50.5. Mtego upo kwa sababu Wild Turkey ina chupa nyingine ya asilimia 40.5, na ndege ni yule yule kwenye lebo. Soma namba.

Mtego wa pili ni chupa za asali na tufaha. Jim Beam Honey, Jim Beam Apple na dada zake ni vileo vilivyotiwa sukari na kionjo juu ya burboni. Kisheria si burboni, na asilimia zake ni chini ya 40. Hakuna ubaya kuzinywa, ila usijifunzie humo. Na maneno Bourbon Cask kwenye chupa ya Uskoti yanataja pipa lililotumika, hayakitaji kinywaji. Burboni yenyewe itakuwa imeandikwa kuwa imetoka Marekani.

Jack Daniel's je? Ni ya Tennessee, mahindi 80, na kwa sehemu kubwa inatimiza masharti ya burboni. Kabla ya kuingia pipani huchujwa polepole kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple), na wenyewe wameamua kuiita wiski ya Tennessee. Aliyeizoea ataikuta burboni ni nzito kidogo, na ndizi mbivu aliyoizoea imepungua.

Jaribio la chupa mbili

Njia ya haraka ya kujua unachopenda ni Maker's Mark na Wild Turkey 101, bega kwa bega. Wawili wakichanga, kila mtu analipia chupa moja. Zote ni za Kentucky, zote zina mahindi mengi, na bei zao hazipishani kwa mbali. Kinachobaki kusikika ni ngano dhidi ya rai. Lakini Maker's ni 45 na Turkey ni 50.5, na ukizimimina kavu hivyo hivyo utakuwa unalinganisha nguvu. Basi zisawazishe kwanza.

Weka mililita 15 katika kila glasi, yaani kijiko kimoja cha mezani. Glasi iwe imebanwa mdomoni. Ndogo ya mvinyo inatosha kabisa, ile pana ya baa inatawanya harufu. Kwenye glasi ya Turkey ongeza mililita 2 za maji safi yasiyo na harufu ya klorini. Bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe, linapima vizuri. Ukikosa, ni nusu kijiko cha chai kasoro kidogo. Sasa zote ziko karibu na 45. Ziache dakika kumi. Ukikimbilia kunusa punde baada ya kumimina, kitakachokupokea ni mvuke wa kileo peke yake.

Pua ikae ukingoni mwa glasi, si ndani, na mdomo uwe wazi kidogo. Hili la mdomo wageni hulipuuza, kisha wanasema burboni zote zinanuka spiriti. Mvuke unapopata njia ya pili, pua haifi ganzi. Ikichoka, nusa mgongo wa mkono wako, halafu rudi.

Funda la kwanza lolote litaunguza. Lisikupe hukumu, ni la kuuzoesha mdomo tu. La pili liwe dogo, lizungushe mdomoni sekunde tano kama unatafuna, meza, kisha toa pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo ladha inapopanda. Maker's itakaa mbele ya ulimi: sukari guru, vanila, mkate, na itaondoka kwa adabu. Turkey itaanza na karameli ile ile, kisha katikati pilipili manga na mdalasini vitaingia, na nyuma ya koo patabaki mwaloni mkavu kwa muda mrefu baada ya kumeza. Kama ukali huo wa mwisho unakuvuta urudie, wewe ni wa rai. Kama unakukera hata baada ya maji, wewe ni wa ngano, na umeokoa gharama ya chupa tatu zijazo.

Ukimaliza, mimina Turkey kavu mililita 15 uonje, halafu iongezee maji tone kwa tone. Kwa toti ya mililita 30, kijiko kimoja cha chai kinaishusha kutoka 50.5 hadi 43 hivi. Vijiko viwili vinaifikisha chini kidogo ya 38, na hapo wengi wataona imelegea. Hizo glasi tatu za majaribio ni zaidi kidogo ya kinywaji kimoja kwa kipimo cha Marekani, ambacho ni gramu 14 za kileo. Kula kwanza, lakini chakula kisiwe na pilipili, maana ulimi uliokwisha kuungua hausikii rai. Na usiendeshe gari.

Chupa zenyewe

Wild Turkey 101 ndiyo tunayoiweka juu kwa thamani ya fedha. Inaingia pipani ikiwa 57.5, chini ya ukomo wa sheria, kwa hiyo maji yanayohitajika kuifikisha 50.5 wakati wa kuijaza chupani ni kidogo, na kilichotoka pipani kinakufikia kikiwa hakijapunguzwa sana. Mapipa yake yameunguzwa kwa kiwango cha nne, kile cha ngozi ya mamba, na wanachanganya mapipa ya miaka sita hadi minane. Jimmy Russell, mkuu wa mtambo kwa miaka mingi, alianza kazi pale mwaka 1954, na ukaidi wake wa kutobadilisha mambo unasikika ndani ya glasi. Ubaya wake ni kwamba aliyezoea vinywaji laini ataikimbia akiionja kavu siku ya kwanza. Haimalizwi na barafu wala soda. Ndiyo pekee kati ya hizi inayofaa kila kazi.

Maker's Mark, 45. Ikiwa hujawahi kunywa pombe kali bila kuichanganya, anza na hii, na hakuna aibu. Nta nyekundu shingoni inachovywa kwa mkono, na kwa mnunuzi ina faida moja ya kweli: si rahisi mtu kuifungua na kuijaza upya bila kuacha alama. Vuta ule ukanda mdogo unaochungulia. Usihangaike na kisu. Wenyewe huandika whisky bila e, tofauti na jirani zao wengi. Mwaka 2013 walitangaza kuishusha kutoka 45 hadi 42 ili akiba ya mapipa iwatoshe wanunuzi. Wanywaji wakapiga kelele, na baada ya wiki moja hivi uamuzi ukafutwa. Anayesema pointi tatu hazina maana aulize kwa nini watu walikasirika. Udhaifu wake ni kwamba ukishazoea burboni utaanza kuiona inamaliza sentensi mapema.

Bulleit, 45 pia, na ndiyo inayoonyesha kuwa asilimia si hadithi yote. Nguvu yake ni sawa na ya Maker's, lakini inauma zaidi. Hiyo ni rai ya 28: tangawizi, ganda la chungwa, ukavu kama wa chai ya rangi isiyo na sukari. Chupa yake yenye umbo la dawa za zamani imeuza nyingi kuliko ladha yake, lakini kinywaji si kibaya. Kwa anayelalamika burboni ni tamu mno, jibu ni hili.

Woodford Reserve huchanganya kile kinachokenekwa mara tatu kwenye vyungu vya shaba huko Versailles na kile cha mtambo mrefu wa kiwanda dada kilichopo Shively. Marekani inauzwa ikiwa 45.2, nje mara nyingi 43.2, kwa hiyo wewe na shemeji yako wa Texas hamnywi kitu kimoja. Ina zabibu kavu, kakao na chungwa, imepangika vizuri sana, haina kosa la kuonyesha kidole. Tatizo ni bei: kwa kawaida iko juu ya Turkey 101 bila kuizidi kwa ladha. Kwa zawadi hatuna neno. Kwa kujifunzia, hapana.

Jim Beam ya lebo nyeupe ni ya miaka minne na asilimia 40, na ndiyo inayopatikana kila mahali. Harufu yake inajulikana kwa karibu: kashata ya karanga, mahindi ya kuchoma, kisha kimya. Kavu ni nyembamba. Kwenye soda inabadilika kabisa: glasi ndefu iliyojaa barafu mpaka juu, mililita 45 za Beam, 135 za soda baridi, koroga mara moja tu usije ukaua gesi. Hapo wepesi wake unageuka kuwa sifa. Wageni huinunua kwa bei, wakainywa kavu, wakahitimisha kwamba burboni si lolote. Kosa si la chupa.

Four Roses ni ya hatua ya pili. Kiwanda kina michanganyiko miwili ya nafaka na aina tano za hamira, hivyo mapishi kumi. Small Batch ni 45, ina maua na matunda kuliko viungo. Single Barrel ni 50 na ina rai ya 35. Ukishajua kwamba rai ni yako, hii ndiyo ya kuifuata, ukikumbuka kwamba kila pipa lina tabia yake.

Dukani

Pombe za bei zinaghushiwa, na chupa tupu zina soko. Nairobi tazama stempu ya KRA na uisome kwa programu ya simu ya Soma Label. Dar es Salaam ni stempu ya TRA na programu ya Hakiki Stempu. Jina litakalotokea lilingane na chupa uliyoshika. Pindua chupa utazame kimiminika dhidi ya mwanga: chembe zinazoelea, kizibo kinacholegea, au lebo iliyobandikwa mshazari ni sababu za kuirudisha rafuni. Ukungu mwepesi unaotokea baada ya kutia barafu si dalili ya ughushi. Ni mafuta ya asili yanayoganda kwa baridi, na huonekana zaidi kwenye burboni isiyochujwa ikiwa baridi. Chupa iliyokaa dirishani juani muda mrefu iache, hata kama ni halali. Na mzinga unaouzwa nusu ya bei ya maduka mengine yote una sababu, nayo hutaipenda.

Duka likiwa na chupa ndogo za mililita 50 au 200 za aina unayoitaka, anza na hizo. Baa nzuri inayouza kwa toti ni nafuu zaidi ya kununua chupa usiyoijua. Omba ipimwe mbele yako, ije kavu, na maji kando.

Barafu, sukari guru na kizibo

Barafu inafunga harufu kwanza, kisha inaongeza maji bila kukuuliza. Ukiitaka, tumia pande kubwa moja, linayeyuka taratibu kuliko vipande sita vidogo. Kwa Old Fashioned, kinywaji cha kuchanganya, chukua Turkey 101 au Bulleit mililita 60, kijiko kimoja cha chai cha sharubati, matone mawili matatu ya Angostura (kiungo kichungu cha mitishamba cha kutilia ladha vinywaji), koroga na barafu sekunde 30, kisha kamua ganda la chungwa juu yake ili mafuta yaruke, siyo maji ya chungwa. Sharubati ya sukari guru inafaa kuliko sukari nyeupe kwa kuwa inaongea lugha moja na pipa: uzani sawa wa guru na maji moto, na uichuje kwa kitambaa, maana guru nyingi zina mchanga. Beam ya 40 hapa hupotea. Ukisha kukoroga unabaki na maji ya sukari yenye kumbukumbu ya wiski.

Chupa iliyofunguliwa isimame. Usiilaze kama mvinyo, kileo cha nguvu hii kinakula kizibo. Iweke gizani mbali na jiko. Kila mwezi ipindue sekunde chache ili kizibo kisikauke, kwani kizibo kikavu ndicho kinachokatika mkononi. Kikikatika, chuja kinywaji kwa karatasi ya kuchujia kahawa na ufunge kwa kizibo cha chupa iliyokwisha. Kwa hiyo usivitupe vizibo vizima. Chupa iliyojaa zaidi ya nusu haina haraka, inaweza kukaa mwaka. Ikishuka hadi robo, hewa imekuwa nyingi kuliko kinywaji, na ladha huanza kufifia ndani ya miezi michache: ihamishie kwenye kichupa kidogo cha kioo kinachojaa mpaka shingoni, au alika mtu.